Mdai Hakufika

Lori la maharage lilifika njia panda Jumamosi asubuhi, kama dereva wake, Makarius, alivyoahidi. Kabla halijasimama vizuri Dafrosa alishajitwisha kikapu. Ndani yake mlikuwa na unga, sufuria ndogo, na shati jeupe la mumewe alilolipiga pasi jana yake na kulikunja ndani ya khanga lisishike vumbi. Vumbi lenyewe halikuwepo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri, na milima ya Mwese nyuma yao ilikuwa imefunikwa na ukungu hadi kiunoni. Jumatatu shauri la mumewe lilikuwa lisikilizwe bomani Mpanda, na gari lingine la kuteremka huko lisingepita mpaka Jumamosi inayofuata.

Mumewe, Gaudensi, alisimama pembeni ya njia akiegemea magongo yake. Mguu wa kulia uliishia chini ya goti, na suruali ameikunja na kuifunga kwa uzi. Mwaka uliotangulia alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao cha Mgiriki mmoja, Bwana Kosta, karibu na Mpanda. Mnyororo ulikatika, gogo la mninga likaporomoka kutoka kwenye tela na kumkalia mguuni. Yeye na mwenzake, Alois, walikuwa wamekwisha kumwambia nyapara kwamba mnyororo ule umeliwa na kutu. Nyapara aliwaambia wamekuja kupakia magogo, hawakuja kukagua minyororo. Baada ya mguu kukatwa Bwana Kosta alituma blanketi hospitalini, na baada ya blanketi hakutuma kitu kingine. Padre wa misheni ndiye aliyewaandikia madai wakayapeleka bomani.

"Haya, tupande," Makarius alisema akifungua ubao wa nyuma. "Mbele amekaa mwenye mzigo na mama yake mgonjwa, hakuna nafasi. Lakini juu ya magunia ni kuzuri kuliko hata mbele. Nyie wawili mnyanyueni huku, mimi nampokea."

Wanaume wawili waliteremka wakamwendea. Gaudensi akarudi nyuma hatua moja.

"Msinishike."

"Hatutakuangusha, ndugu yangu."

"Nimesema msinishike."

Abiria mmoja aliyekaa juu ya magunia, amejifunika turubai, akaona hapo pana mzaha. "Mfungeni kamba tumvute kama mbuzi," alisema, na wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, ila kwa vile mvua ilikuwa inawachosha.

Dafrosa alimtazama mumewe. Aliona uso umebadilika, midomo imekauka na macho yanatazama ubao wa lori. Akadhani ni hasira ya kuchekwa.

"Baba Imakulata," alimwambia polepole, "vumilia. Ni kupanda tu."

"Nitakwenda kwa miguu."

"Kwa miguu ipi?" aliuliza yule wa kwenye turubai. Safari hii hakucheka mtu.

Makarius alingoja. Alikuwa mtu mzuri na hakupenda kuwaacha, lakini mwenye mzigo alishaanza kupiga honi kwa kiganja. Mwishowe alirudisha ubao, akafunga komeo. "Shemeji, mimi nimefanya langu," alimwambia Dafrosa, na lori likaondoka.

Dafrosa alibaki na kikapu kichwani, akitazama matairi yalivyochora matope. Mumewe alikuwa ameshaanza kutembea.

* * *

Siku ile hawakuzungumza. Dafrosa alitembea nyuma yake akihesabu moyoni mambo aliyoyavumilia yeye tangu mguu ukatwe. Alimlimia peke yake. Alisimama nje ya nyumba ya jumbe kuomba msamaha wa kodi, akaambiwa arudi wakati jumbe ameshakula. Alimbeba mumewe mgongoni kwenda chooni wakati kidonda hakijafunga, na majirani wakiona. Hakuna hata moja alilolisemea. Na yeye, mwanamume, kuchekwa mara moja tu kulimshinda. Wangepata haki yao angenunua cherehani ya mkono, na Gaudensi angeshona amekaa, kama mafundi wa barazani. Mipango hiyo walikuwa wameipanga wote wawili.

Magongo yalianza kumchubua kwapani kabla ya jua la mchana. Walilala kwa watu wasiowajua. Jumapili walifika kwenye kigango, wakakuta sala imekwisha. Katekista wa pale, Ponsian, alisikia habari yao, akamtazama Gaudensi alivyokaa na mikono imeachana na mbavu kwa maumivu, akaingia ndani na kutoka na baiskeli yake.

"Kaa kwenye keria, hapa nyuma," alisema. "Tutakusukuma."

Gaudensi aliikagua baiskeli. Aliinama, akaona mguu wake mzima utagusa ardhi akitaka. Akakaa. Dafrosa alishangaa kidogo, maana kusukumwa kwenye keria kama gunia la mihogo hakukuwa heshima kubwa kuliko kupakiwa kwenye lori. Lakini alikuwa amechoka, akaliacha lipite.

Jumatatu jua lilipofika utosini walikuwa kwenye kijito, maji yamejaa, Ponsian akipima kina kwa fimbo.

"Sasa hivi wanaita jina langu," Gaudensi alisema.

"Waite tu," Dafrosa alijibu, akapandisha khanga na kuingia majini.

* * *

Mpanda waliiona Jumatano. Ponsian aliwafikisha hadi kwenye mti wa bendera mbele ya boma, akakataa hata kunywa maji, akageuza baiskeli. Gaudensi alivaa shati jeupe nyuma ya ukuta. Lilikuwa limelowa safarini na kukauka na mikunjo yake yote.

Karani wa mahakama aliitwa Cleophas, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkalimani. Aliwaacha wasimame mpaka alipomaliza kufuta nibu ya kalamu.

"Gaudensi wa Mwese. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Uliitwa Jumatatu. Uliitwa mara tatu, mlangoni na uani. Wakili wa mdaiwa alikuja na treni kutoka Tabora. Mdaiwa mwenyewe alikuwepo. Shahidi wako alikuwepo." Akawatazama kwa mara ya kwanza. "Aliyekosekana ni mwenye shauri."

"Kwa hiyo?" Dafrosa aliuliza.

"Limefutwa."

Dafrosa hakuelewa neno hilo linafika wapi. "Litasikilizwa siku nyingine?"

"Mama, limefutwa. Na hawezi kufungua jingine kwa jambo hilohilo. Sheria inakataza." Cleophas aliona mwanamke ameshika ukingo wa meza, akapunguza sauti. "Kuna mlango mmoja. Aombe lirudishwe. Hakimu atamuuliza kwa nini hakufika. Akiwa na sababu ya kutosha, litarudi. Sasa sababu, mzee, ni ipi? Homa? Mto? Gari?"

Gaudensi aliangalia sakafu. "Nitamwambia hakimu," alisema.

* * *

Alois, ambaye ndiye shahidi wao, alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majengo. Mkewe, Marsela, ndiye aliyewafungulia. Aliwaamkia vizuri, akawatandikia mkeka, akawaletea maji ya kunawa, kisha ugali na majani ya kunde. Yeye hakukaa. Alisimama mlangoni amewapa mgongo, akimtazama kuku wa jirani, na wageni walikula haraka ili wammalizie mzigo huo.

Alois aliporudi aliwakuta wanakunja mkeka. Alikuwa kijana wa Sitalike, mabega mapana, mtu wa maneno machache. Alimpa Gaudensi mkono. Jembe alilolibeba aliliweka ukutani, na Dafrosa akajiuliza mtu wa kiwandani ana kazi gani na jembe siku ya kazi.

"Nalima kibarua kwa watu," Alois alisema, kama aliyemsikia. "Kiwandani nimeondolewa. Nilifika bomani Jumatatu. Jina lako likaitwa. Nikasimama, nikasema, mdai hayupo lakini mimi nilikuwepo, niliona. Hakimu akaniambia kwa upole nikae chini, siwezi kusema kama mwenye shauri hayupo. Nikakaa. Bwana Kosta yuko pale ananitazama. Nyapara yuko pale. Niliporudi kazini nikakuta panga langu limewekwa nje ya geti."

Marsela aligeuka kutoka mlangoni, akaingia uani.

"Silalamiki," Alois aliendelea. "Nilijua. Nilikuwa nataka kukuuliza jambo moja tu. Lori halikuja?"

Dafrosa alifungua mdomo aseme halikuja. Mumewe akamtangulia.

"Lilikuja."

"Likaharibika?"

"Hapana."

Alois alingoja. Gaudensi alikuwa anapangusa gongo lake kwa kiganja, juu chini, juu chini.

"Basi," Alois alisema. Akachukua jembe lililokuwa ukutani na kutoka nalo, ingawa jua lilikuwa linazama na hakukuwa na mtu wa kulimiwa saa ile.

* * *

Ombi liliandikwa, na wakaambiwa wangoje hakimu arudi kutoka safari ya vijijini. Walingoja hapohapo kwa Alois, maana hawakuwa na kwingine. Dafrosa alichota maji, akatwanga, akafagia uwanja kabla Marsela hajaamka, ili isije ikasemwa wanakula bure. Marsela alimwacha afanye. Siku moja tu, wakiwa wanachambua mchele, alisema bila kuinua macho: "Mumeo ana mguu mmoja. Wangu ana miguu miwili na wote wawili sasa wanakaa nyumbani." Dafrosa aliendelea kuchambua.

Makarius naye alipita mjini na mzigo. Dafrosa alimkuta karibu na stesheni, wakipakua maharage kwenye behewa, akamweleza yote yaliyowapata. Makarius alikuna kidevu.

"Mimi nitasema gari liliharibika," alisema. "Springi ilikatika njia panda, tukalala hapo. Nani atabisha? Mwenye mzigo ameshakwenda Kigoma. Ila mumeo aseme hivyohivyo, asiseme vingine akanivua nguo."

Usiku ule Dafrosa alimweleza mumewe. Alimfundisha maneno kama anavyofundishwa mtoto sala. Gari liliharibika njia panda. Springi ilikatika. Tukaanza kutembea.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Ni uongo mdogo. Watu wa Kosta wameshasema mkubwa, wamesema mnyororo ulikuwa mpya."

"Nimekusikia, Mama Imakulata."

Akalala upande wa ukutani. Dafrosa alichukulia kwamba amekubali.

* * *

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi machache na harufu ya wino. Wakili wa Tabora, kijana mwembamba aliyevaa suti nyeusi, alikuwa ameshafungua faili lake. Bwana Kosta hakuja. Makarius alikaa benchi la nyuma, kofia magotini, akamwonyesha Dafrosa kwa kichwa kwamba yupo. Alois alikuja pia, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni, bega moja ndani na moja nje, kama mtu anayepita tu.

Hakimu alikuwa Mwingereza wa makamo, amekaushwa na jua. Aliuliza kwa Kiingereza, na Cleophas akageuza.

"Siku ya kusikilizwa shauri lako hukufika. Kwa nini?"

Gaudensi alisimama. Alimtazama hakimu, kisha akageuza shingo, akamtafuta Alois mlangoni mpaka akamwona.

"Gari lilikuja, Bwana Hakimu," alisema. "Lilikuwa zima. Mimi nilikataa kupanda."

Kwenye benchi la nyuma kofia ya Makarius ilianguka. Dafrosa alitaka kusimama amkatize, lakini mahali pale hapakuwa pa kusimama bila kuitwa.

"Kwa nini ulikataa?"

"Niliogopa."

Cleophas aligeuza. Hakimu akaonyesha kwa kalamu kwamba aendelee.

"Siku gogo liliponiangukia hapakuwa na gari lingine la kunipeleka hospitali. Walinipakia kwenye tela lilelile, juu ya magogo yaliyobaki. Wakanifunga kwa kamba, nisidondoke. Mnyororo umeshakatika, magogo hayana cha kuyashika. Kila kona yalikuwa yananisogelea. Nayasikia. Nataka kujivuta, nimefungwa. Ikawa hivyo mpaka hospitali." Akarekebisha gongo kwapani. "Tangu siku ile nikiona watu wananijia waninyanyue juu ya gari, mwili wangu unakufa. Jumamosi ile nilijikojolea, pale njiani, mbele ya watu. Mke wangu hakujua kwa sababu mvua ilikuwa imenilowesha mwili mzima."

Cleophas alikuwa na desturi ya kugeuza maneno yakiwa bado ya moto. Hapo alikawia, akitafuta neno la adabu. Hakimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi kabla ya tafsiri, na ikaonekana kwamba Kiswahili hakikumpita sana.

Dafrosa alitazama mgongo wa mumewe kwenye shati lile lenye mikunjo. Alikumbuka alivyomwendea nyuma njia nzima, akimhesabia kiburi. Alikumbuka baiskeli, na jinsi mumewe alivyoipima kwanza kama mguu utafika chini.

Wakili alisimama. Hakuzungumza kwa ukali. Alisema mdai mwenyewe amekiri kwamba usafiri ulikuwepo, na hofu peke yake si sababu, na kama ni ugonjwa basi uthibitishwe.

"Una cheti cha daktari?" hakimu aliuliza.

"Cha mguu ninacho."

"Cha hofu hiyo."

"Hapana, bwana. Daktari sikumwambia. Sikumwambia mtu."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa fyekeo, na mlio wake ulikuwa unaingia na kutoka. Mwishowe alisoma, na Cleophas akafuata nyuma yake kwa sauti ndogo. Alisema anamwamini mdai. Alisema pia kwamba sheria inamtaka aone sababu iliyomzuia mtu kufika, na hapa gari lilikuwepo na mtu alilikataa, wala hapana ushahidi wa daktari wa kumwezesha kulihesabu jambo hilo kuwa ugonjwa. Ombi limekataliwa. Gharama za wakili, mdai asilipishwe.

"Umeelewa?" Cleophas aliuliza, hilo likiwa lake mwenyewe.

"Nimeelewa," Gaudensi alisema. "Mshukuru."

* * *

Makarius aliwapita uani bila kusimama. "Mngeniambia nisipoteze siku," alimwambia Dafrosa, kisha akaona uso wake, akamgusa bega na kwenda zake.

Alois alikuwa chini, kwenye ngazi za mwisho. Gaudensi alishuka kwa magongo, ngazi moja baada ya nyingine, na Alois hakunyoosha mkono kumsaidia. Walipokuwa usawa mmoja ndipo aliposema.

"Ile kamba niliifunga mimi."

"Najua."

"Nilidhani nakusaidia."

"Ulinisaidia."

"Niliikaza sana?"

Gaudensi alifikiri. Lilikuwa swali la kweli, na alilitafutia jibu la kweli. "Uliikaza sana," alisema. "Ungeilegeza ningedondoka nikafa. Ndiyo maana nilishindwa kukuambia siku ile nyumbani kwako. Ningekuambiaje?"

Alois aliketi kwenye ngazi, akaweka viganja usoni. Hakulia. Alikaa hivyo tu, mabega yake mapana yameinama, na Gaudensi akasimama karibu yake mpaka alipoinuka. Walikwenda Majengo polepole, wanaume wawili mbele na Dafrosa nyuma.

Mlimani hawakurudi mwaka ule. Imakulata, binti yao, aliletwa na bibi yake baada ya mvua kwisha. Alois alipata kibali cha kupasua mbao kwa mkono msituni upande wa Sitalike, yeye na mtu mwingine, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni. Gaudensi alikaa nyumbani akiwanolea misumeno. Wapasuaji wengine walipoona meno yale yanavyokata, nao wakamletea ya kwao. Marsela hakuomba radhi kwa maneno yake, wala Dafrosa hakuyangoja. Walilima shamba moja.

Watu wa mtaani walipomuuliza habari ya shauri Dafrosa alijibu kwa kifupi kwamba lilifutwa. Kuna siku jambo hilo lilimuuma. Alikuwa akipita dukani, akaona cherehani ya mkono imewekwa dirishani, na akafikiri juu ya maneno yale machache aliyomfundisha mumewe usiku ule, jinsi yalivyokuwa mepesi kusemwa. Hakuacha kamwe kufikiri kwamba mumewe angeweza kuyasema.

Alasiri moja alimkuta uani, msumeno umelala mapajani, tupa mkononi. Akaketi karibu naye, akaanza kumenya viazi.

"Mimi ungeniambia," alisema. "Tangu hospitalini."

Gaudensi hakuuliza ni kuhusu nini. Alipiga tupa kwenye jino moja, akalijaribu kwa kidole.

"Ungenihurumia."

"Ningekuhurumia, ndiyo," Dafrosa alisema. "Ulitaka nimhurumie nani mwingine?"

Aliendelea kumenya. Baada ya kitambo alisikia tupa imenyamaza. Hakugeuka kumtazama, alimsogelea tu, mpaka bega lake likagusa la mumewe, na kiazi kilichokuwa mkononi akakimaliza.